Mkweli Anayekosea: Kumbukumbu ya Shahidi Mahakamani na Katika Dini

Inasimuliwa kuwa Anas bin Malik, sahaba wa Mtume Muhammad (S.A.W.) aliyejaliwa umri wa kukaribia miaka 100, alitoka na watu wa Basra kutazama mwezi mwandamo. Watu wakakodoa macho wasione kitu. Anas akasema anauona, akaunyooshea kidole. Iyas bin Muawiya, aliyesifika kwa werevu wake na baadaye akawa kadhi wa mji, hakubishana na mzee. Alimtazama usoni, akaona unywele mmoja mweupe wa nyusi umejikunja mbele ya jicho. Akaupangusa na kuulaza mahali pake, kisha akamwomba awaonyeshe tena mwezi uko wapi. Anas akatazama, akasema hauoni.

Katika kisa hiki hakuna mwongo. Mtoa habari ni mtu ambaye Waislamu wamepokea kwake zaidi ya hadithi 2,000, na alichokiona alikiona kweli: kitu cheupe, chembamba, kilichopinda. Kosa lilikuja pale alipokipa maana. Alitoka nyumbani akitafuta mwezi, na jicho likampa mwezi.

Mafakihi hawakuliacha jambo hili liishie kwenye kisa. Taqiyuddin as-Subki, kadhi mkuu wa Damascus aliyefariki mwaka 1355, alikuwa mwanachuoni wa madhehebu ya Shafi, ambayo ndiyo yanayofuatwa na Waislamu wengi wa pwani yetu. Alitoa hoja kwamba hesabu za falaki zikionyesha mwezi hauwezi kuonekana usiku fulani, ushahidi wa mtu mmoja au wawili wanaodai kuuona ukataliwe, hata kama ni waadilifu. Hesabu ni ya yakini, na ushahidi ni wa dhana. Wapo Mashafi wakubwa waliompinga, na ubishi huo ungali hai kila Shabani inapofika ukingoni. Lakini Subki alikuwa ametenganisha mambo mawili ambayo wengi tunayachanganya hadi leo: uaminifu wa mtu na usahihi wa habari yake.

Tukimsikia shahidi, tunapenda kuuliza swali moja tu: anasema kweli au anaongopa? Swali hilo linawaacha nje watu wengi sana, wale wanaosimulia kwa moyo safi jambo ambalo halikutokea, au halikutokea hivyo. Mahakama zimejifunza kwa machungu kuwatambua. Dini nazo zina elimu yake juu yao, ila mara nyingi elimu hiyo imebaki kwa wanachuoni, huku mimbarini na madhabahuni mambo yakienda kivingine.

Kumbukumbu hujengwa

Mwaka 1932 Frederic Bartlett, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Cambridge, alichapisha matokeo ya jaribio lililoonekana dogo. Aliwapa Waingereza wasome hadithi ya wenyeji wa Amerika Kaskazini, yenye mizimu na vita vya mitumbwi, kisha akawataka waisimulie upya baada ya muda: dakika chache, wiki, miezi, hata miaka. Hadithi ilizidi kufupika na kunyooka. Mizimu ilitoweka, mitumbwi ikawa mashua, na yale yasiyoeleweka yakapewa sababu ambazo Mwingereza angezielewa. Hakuna aliyekusudia kudanganya. Kila mmoja alijaza pengo kwa kile alichodhani lazima kilikuwapo.

Elizabeth Loftus na John Palmer walionyesha mwaka 1974 kwamba pengo linaweza kujazwa na anayeuliza. Waliwaonyesha wanafunzi wa Marekani filamu fupi za ajali za magari, kisha wakawauliza magari yalikuwa na mwendo gani. Wengine waliulizwa kuhusu magari “yalipogongana”, wengine “yalipobamizana”. Kundi la kwanza lilikadiria kama maili 34 kwa saa, la pili karibu 41. Katika jaribio jingine, wiki moja baadaye waliulizwa kama waliona kioo kilichovunjika. Hapakuwa na kioo chochote kilichovunjika. Waliosikia neno zito walisema walikiona kwa asilimia 32, wenzao kwa asilimia 14. Neno moja la muulizaji lilikuwa limeingia ndani ya tukio na kukaa humo kama sehemu yake.

Huenda mtu akasema ajali ya kwenye filamu hainigusi, lakini siku ya msiba nitaikumbuka hadi kaburini. Ulric Neisser na Nicole Harsch walilipima hilo. Asubuhi iliyofuata baada ya chombo cha anga cha Challenger kulipuka, tarehe 28 Januari 1986, wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Emory waliandika walikuwa wapi na walipataje habari. Miaka miwili na nusu baadaye, 44 kati yao waliulizwa maswali yaleyale. Robo walikosea kila jambo kuu. Aliyepata habari darasani alikumbuka kuiona kwenye televisheni akiwa na mwenzake bwenini. Wengi walikuwa na uhakika mkubwa wa walichosema, na walipoonyeshwa karatasi walizoandika kwa mikono yao wenyewe, kumbukumbu ya kwanza haikurudi. Ya pili ilikuwa imeshachukua nafasi yake.

Kumbukumbu, basi, ni kama nyumba ya udongo inayokandikwa upya kila baada ya masika. Nguzo zinaweza kuwa zilezile, lakini udongo unaouona leo si ule wa mwaka wa kwanza, na aliyelala ndani muda wote haoni tofauti. Utafiti wa Karim Nader na wenzake kwa panya, uliochapishwa mwaka 2000, uligusa mzizi wa jambo hili katika ubongo: kumbukumbu ikiamshwa hulegea kwa muda, na hulazimika kuimarishwa tena ndipo idumu. Ndiyo maana kisa kilichosimuliwa mara nyingi hakiwi cha kuaminika zaidi kwa sababu hiyo tu. Kinakuwa laini zaidi, chepesi zaidi kutoka mdomoni.

Kibatari na gwaride

Majaji wa Afrika Mashariki hawakuhitaji maabara kuligundua tatizo. Kesi za unyang’anyi wa usiku ziliwaletea kila mwaka mama aliyevamiwa akiwa kitandani, aliyemwona mtu kwa sekunde chache kwa mwanga wa kibatari au tochi, na ambaye sasa anamnyooshea kidole kijana aliyesimama kizimbani. Ukimtazama, unamwamini. Hana sababu ya kumsingizia mtu.

Katika shauri la Waziri Amani dhidi ya Jamhuri, mwaka 1980, Mahakama ya Rufani ya Tanzania ilisema kuwa ushahidi wa kumtambua mtu kwa macho ni dhaifu kuliko aina nyingine nyingi za ushahidi, na usitumiwe kumtia mtu hatiani mpaka uwezekano wote wa kukosea umeondolewa. Ikataja mambo ya kupima: shahidi alimwona mshtakiwa kwa muda gani, kwa umbali gani, mwanga ulikuwaje, na kama alimfahamu kabla. Mahakama ya Rufaa ya Kenya, katika shauri la Maitanyi la mwaka 1986, ilisisitiza kwamba haitoshi kusema palikuwa na taa. Ni lazima kuuliza ilikuwa taa ya aina gani, ya ukubwa gani, na ilikaa wapi ukilinganisha na alipokuwa mtuhumiwa. Uingereza ilikuwa imefika hapohapo mwaka 1976 katika shauri la Turnbull, ambapo majaji walitakiwa kulionya baraza la wazee wa mahakama kwamba shahidi anayemshawishi kila mtu anaweza kuwa amekosea.

Kesi inayoonyesha vizuri kosa linavyokomaa ni ya Ronald Cotton, katika jimbo la North Carolina. Mwaka 1984 mwanafunzi wa chuo alibakwa chumbani mwake. Wakati wa unyama huo alijitahidi kuusoma uso wa mshambuliaji ili akipona amfikishe mbele ya sheria. Polisi walimwekea picha sita. Alizitazama kwa dakika kadhaa, akazipunguza hadi mbili, kisha akachagua ya Cotton kwa maneno yaliyobeba shaka. Baadaye likapangwa gwaride la utambulisho, na kati ya wote waliosimama pale, Cotton peke yake ndiye aliyekuwa pia katika zile picha. Akamchagua tena, kwa kusitasita. Polisi wakamfanya aelewe kwamba amefanya vizuri. Alipofika mahakamani hakuwa na chembe ya shaka. Katika kesi ya pili mwaka 1987, mbakaji halisi, Bobby Poole, aliletwa mbele yake, na akasema hajawahi kumwona. Cotton alikaa gerezani zaidi ya miaka 10 hadi vipimo vya vinasaba vilipomtoa mwaka 1995.

Ukitafuta mwongo katika mlolongo huo humpati. Utapata uso ulioingia kwa njia ya picha, ukaimarishwa na gwaride, ukatiwa muhuri na sifa za askari, mpaka ukauondoa ule wa kwanza. Miongoni mwa Wamarekani walioachiwa huru kwa vinasaba kupitia juhudi za mashirika yanayotetea waliofungwa bila hatia, takribani saba kati ya kila kumi walikuwa wametambuliwa kimakosa na mashahidi.

Hata hivyo si haki kuruka kutoka hapo na kusema kumbukumbu haina thamani. John Yuille na Judith Cutshall waliwafuatilia mashahidi 13 wa tukio halisi la ufyatuaji risasi nchini Kanada, miezi minne hadi mitano baada ya tukio, na wakakuta maelezo yao mengi yalikuwa sahihi, hata pale watafiti walipojaribu kuwapotosha kwa maswali ya mtego. Mwaka 2017 John Wixted na Gary Wells walionyesha kuwa uhakika wa shahidi katika utambuzi wake wa kwanza kabisa, ukifanywa kwa utaratibu safi, ni kipimo kizuri cha usahihi. Uhakika wa kizimbani, baada ya mazoezi na pongezi, ndio usio na uzito. Hivyo suala ni kujua kumbukumbu imepitia mikono mingapi kabla ya kutufikia.

Umati unapoona

Tukihamia kwenye dini, jambo la kwanza tunaloambiwa ni wingi. Mmoja anaweza kukosea, lakini maelfu?

Mwezi Juni 1988 maelfu ya watu walikusanyika Muslim Village, mtaa wa Kawangware jijini Nairobi, kwenye ibada ya maombezi ya Mary Akatsa. Gazeti la Kenya Times liliripoti kwamba alitokea mwanamume mrefu mwenye ndevu, kanzu nyeupe na kilemba, akahutubia umati kwa Kiswahili safi, akawabariki watu, kisha akaondoka kwa gari na kutoweka baada ya kushuka. Walioshuhudia walisema ni Yesu. Picha zilipigwa na kuchapishwa. Huko London, Benjamin Creme, aliyekuwa akitangaza ujio wa mwalimu wa dunia aitwaye Maitreya, alisema huyo ndiye. Wengine waliiona picha hiyohiyo wakamwona mtu wa kawaida mwenye asili ya Asia.

Jambo la kutazama hapa ni kwamba hakuna haja ya kukana kuwa mtu alisimama pale. Picha ipo. Kinachohitaji ushahidi ni yale mawili yanayoufanya ujio wake uwe muujiza: kwamba alitokea ghafla na kwamba alitoweka. Katika umati wa maelfu ni wachache wanaoona mtu anaingia kutoka wapi. Wengi humwona akiwa ameshafika. “Sikumwona akija” huwa “alitokea tu”, na baada ya watu kusimuliana njiani kurudi nyumbani, hata aliyekuwa nyuma kabisa anakumbuka alivyotokea.

Hili la kusimuliana limepimwa. Fiona Gabbert na wenzake, katika utafiti uliochapishwa mwaka 2003, waliwaonyesha watu wawili wawili video ya tukio moja iliyopigwa kutoka pembe tofauti, kila mmoja akiona mambo ambayo mwenzake hakuyaona, huku wakiamini wameona video moja. Asilimia 71 ya waliozungumza kabla ya kuhojiwa walitaja mambo ambayo hawakuyaona. Mashahidi elfu waliozungumza usiku kucha wanaweza kuwa, kwa mizani ya ushahidi, sawa na wachache tu.

Kule Fatima, Ureno, tarehe 13 Oktoba 1917, watu wanaokadiriwa kuwa makumi ya maelfu walikusanyika kwa sababu watoto watatu wachungaji walikuwa wametangaza miezi kadhaa kabla kwamba siku hiyo pangekuwa na muujiza. Mwandishi Avelino de Almeida wa gazeti la O Século, lililojulikana kwa kuwakejeli makasisi, aliripoti jua likitikisika mbele ya umati. Lakini ukisoma maelezo ya waliokuwapo, wapo walioona jua likizunguka, wapo walioona rangi zikifunika nchi, wapo walioliona likishuka, na wapo ambao hawakuona lolote lisilo la kawaida. Kukazia jua macho peke yake huleta rangi na miondoko machoni. Muumini atajibu kuwa Mungu anaweza kutumia hata macho yanayochoka, na hoja hiyo sayansi haiwezi kuipinga. Ila wingi wa mashahidi, waliokuja wakijua watafute nini na wapi, hauwezi tena kusimama kama uthibitisho unaojitosheleza.

Ushuhuda wa waliobaki

Katika makanisa yetu ushuhuda una kanuni zake. Uamsho wa Afrika Mashariki, ulioanza Uganda na Rwanda mwishoni mwa miaka ya 1920 na katika miaka ya 1930 na kuenea hadi Kenya na Tanzania, uliwafundisha Walokole kusimama hadharani na kueleza: nilikuwa hivi, Bwana akanikuta, sasa ni hivi. Mpango huo wa hatua tatu umebaki hadi kwenye mikutano ya injili ya leo. Una nguvu kwa sababu unampa mtu njia ya kuyapanga maisha yake. Nguvu hiyohiyo huvuta kumbukumbu upande mmoja. Kila usimulizi unaopokewa kwa “Amina!” hutia giza kidogo zaidi kwenye maisha ya zamani na nuru zaidi kwenye ya sasa, na baada ya miaka mtu anakumbuka usimulizi wake kuliko siku zenyewe.

Hatari ni kubwa zaidi pale ushuhuda unapohusu uponyaji. Mwaka 2011 Ambilikile Mwasapila, mchungaji mstaafu wa Kilutheri, alikuwa akitoa kikombe cha dawa kwa shilingi 500 katika kijiji cha Samunge, Loliondo, akieleza kuwa Mungu alimwonyesha mti wa dawa hiyo. Misururu ya magari ilienea kilomita nyingi, na miongoni mwa waliokwenda walikuwamo viongozi wa serikali na wasanii. Kilichowavuta ni ushuhuda: fulani alikuwa na kisukari, sasa anakula wali, fulani alikuwa na virusi, sasa ana nguvu.

Wengi wa watu hao walisema kweli kuhusu walivyojisikia. Aliyesafiri siku tatu, akalala kwenye gari, akasali, akanywa, ana kila sababu ya kujisikia mwepesi. Akiulizwa alikuwa na hali gani kabla, atapima jana kwa kutumia leo, na jana itaonekana mbaya zaidi kuliko ilivyokuwa. Lakini kasoro kubwa haimo kichwani mwa shahidi yeyote. Imo katika mahudhurio. Aliyepona au anayedhani amepona hupewa kipaza sauti. Aliyezidiwa yuko kitandani, na aliyeacha vidonge vyake akafa hana ushuhuda wa kutoa. Hata kama kumbukumbu ya kila msemaji ingekuwa kamilifu, jumla ya tunayoyasikia ingekuwa bado inapotosha.

Dini inaweza pia kuongeza uhakika usiostahili kwa njia iliyo ya ndani zaidi. Mwaka 1988 Paul Ingram, ofisa wa polisi na muumini wa kanisa la Kipentekoste mjini Olympia, jimbo la Washington, alituhumiwa kuwadhulumu watoto wake kingono. Hakukumbuka lolote. Katika mahojiano yaliyochanganyika na sala alianza kuona picha, na uhakikisho kwamba Mungu asingemwachia akumbuke uongo ulimfanya azipokee picha hizo kama kumbukumbu. Mwanasosholojia Richard Ofshe aliamua kumjaribu: akabuni tukio ambalo hakuna aliyelidai, akamwambia Ingram aliombee. Ingram alirudi na maelezo marefu yenye mazungumzo na mpangilio wa matukio. Alikuwa mnyoofu, na unyoofu wake ndio uliomfanya awe shahidi mbaya dhidi ya nafsi yake.

Kibeho na subira ya miaka 20

Wapo katika dini wanaoijua hatari hii na kuifanyia kazi. Tarehe 28 Novemba 1981, katika shule ya wasichana ya Kibeho, kusini mwa Rwanda, mwanafunzi Alphonsine Mumureke alisema ametokewa na Bikira Maria. Wenzake walimdhihaki. Baadaye Nathalie Mukamazimpaka na Marie Claire Mukangango nao walisema wametokewa, na kisha idadi ya waliodai kuona ikaongezeka sana. Mwaka 1982 askofu wa Butare aliunda tume mbili, moja ya madaktari na moja ya wanateolojia. Uamuzi ulitolewa tarehe 29 Juni 2001 na Askofu Augustin Misago wa Gikongoro, na ulikubali maono ya wasichana hao watatu tu. Tena uliegemea zaidi matukio ya miaka ya mwanzo, kabla umati na waonaji wapya hawajawa wengi. Asiye Mkatoliki si lazima akubali hitimisho. Lakini utaratibu wenyewe, wa kuyapa uzito maneno ya kwanza na kuyashuku yaliyochipuka baadaye, unakaribiana na walichofikia Wixted na Wells.

Kibeho ina fumbo jingine. Tarehe 15 Agosti 1982 waonaji walilia kwa saa nyingi, wakisema wanaona mto wa damu na maiti. Mwaka 1994 mauaji ya kimbari yakafika, na maelfu waliuawa Kibeho kwenyewe, wakiwemo waliokimbilia kanisani. Tangu hapo maono yale husomwa kama unabii wa 1994. Mchambuzi anapaswa kutenganisha tabaka mbili: yaliyoandikwa na kurekodiwa miaka ya themanini, na yaliyokumbukwa baada ya msiba. La kwanza ni ushahidi wa kile kilichosemwa. La pili linatoka kwa watu waliokwisha kuona damu kwa macho yao, na hakuna binadamu anayeweza kuikumbuka ndoto ya 1982 kana kwamba 1994 haikutokea.

Maandiko na mlolongo wa wapokezi

Vitabu vitakatifu navyo vimebeba alama za kumbukumbu ya binadamu. Matendo ya Mitume yanasimulia kuongoka kwa Paulo mara tatu, katika sura ya 9, 22 na 26. Katika ya kwanza wasafiri wenzake wanaisikia sauti bila kumwona mtu. Katika ya pili wanaiona nuru lakini hawaisikii sauti. Kwa kuwa mwandishi ni mmoja, huenda tofauti hiyo ni ya mtindo wa usimulizi kuliko kusahau. Kaburini asubuhi ya ufufuo, Marko ana kijana mmoja, Luka ana watu wawili, Mathayo ana malaika mmoja, Yohana ana wawili. Richard Bauckham, katika kitabu cha mwaka 2006, ametetea kwamba Injili zinasimama karibu na mashahidi wenyewe. Bart Ehrman, mwaka 2016, akatumia utafiti wa kumbukumbu kudai kuwa miongo kadhaa ya kusimuliana ilibadilisha mengi. Wote wawili wanaweza kukubaliana juu ya jambo moja: tofauti za pembeni ndizo tunazozitarajia kwa mashahidi wanyoofu, na mapatano makamilifu yangetia shaka ya kupangwa. Lakini kukubaliana kwenye kiini nako hakuthibitishi kiini, ikiwa wasimulizi walikuwa wakisikilizana.

Wanachuoni wa hadithi waliingia kwa undani zaidi kwenye mashine yenyewe ya kupokezana habari. Hawakutosheka na mpokezi kuwa mwadilifu. Walitaka pia awe na dhabti, yaani uhifadhi madhubuti, na hayo walihesabu kuwa masharti mawili tofauti. Mtu aliweza kuwa mcha Mungu wa kuigwa na bado riwaya zake zikakataliwa kwa sababu hifadhi yake ni mbovu. Walioingiwa na mchanganyiko uzeeni walitengwa: yaliyopokewa kwao kabla ya kuchanganyikiwa yakakubaliwa, ya baada yakawekwa kando. Ibn Lahia, kadhi wa Misri, anatajwa kama mfano wa mtu ambaye riwaya zake zilidhoofika baada ya vitabu vyake kuungua moto, akabaki kutegemea kichwa.

Mfano ulio wazi kupita yote unatoka kwa Bibi Aisha. Alipoambiwa kwamba Ibn Umar anasimulia kuwa maiti huadhibiwa kwa kilio cha jamaa zake, alisahihisha kwa adabu: hakumwita mwongo, alisema amesahau au amekosea, kwani maneno ya Mtume yalihusu tukio mahususi la maiti ya Kiyahudi. Karne nyingi baadaye Badruddin az-Zarkashi, aliyefariki mwaka 1392, alikusanya kitabu kizima cha masahihisho ya Aisha kwa masahaba. Waliomheshimu Ibn Umar hawakuona kwamba heshima hiyo inawazuia kuandika kuwa amekosolewa.

Elimu hii ina mpaka wake. Inachunguza njia ambayo habari imepita kutoka mtu hadi mtu, lakini haiwezi kurudi kwenye jicho la kwanza na kuuliza liliona nini. Jan Vansina, aliyejenga taaluma ya historia simulizi kwa kazi yake Kongo na Rwanda na kuchapisha kitabu chake mashuhuri mwaka 1961, alikumbana na mpaka huohuo kwenye masimulizi ya wafalme: unaweza kufuatilia mnyororo, ukalinganisha matoleo, ukaondoa nyongeza, na bado ukabaki na neno la mtu mmoja.

Nani atalipa kosa

David Hume alidai mwaka 1748 kwamba ushuhuda wa muujiza usikubaliwe ila pale ambapo uongo wake ungekuwa muujiza mkubwa zaidi kuliko jambo lenyewe. Mchungaji Richard Price, aliyechapisha kazi ya rafiki yake Thomas Bayes kuhusu hesabu za uwezekano, alimjibu mwaka 1767 kwamba kila siku tunakubali kwa neno la gazeti habari ambazo kabla ya kuzisikia zilikuwa na uwezekano mdogo mno. Utafiti wa kumbukumbu haumalizi ubishi wao, maana hauwezi kusema kama Mungu hutenda miujiza. Unachobadilisha ni bei ya kutokubali. Zamani aliyekataa kisa cha bibi yake alionekana kumwita bibi mwongo au mwendawazimu. Sasa anaweza kumpenda, kumheshimu, kuamini kila alichokusudia kusema, na bado akaona kisa hakijathibitika.

Maswali ya kuuliza si siri. Maneno ya kwanza yalisemwa lini, na yaliandikwa? Kabla ya kuyasema alizungumza na nani? Aliulizwa kwa maneno gani? Alikuwa akitarajia kuona nini? Na nani hayupo hapa ambaye angesema tofauti? Haya yanafaa kituo cha polisi kama yanavyofaa kamati ya parokia au baraza la masheikh.

Lakini si kila ushuhuda unadai maswali yote. Anayesimulia alivyookoka, akizidisha kidogo ubaya wa ujana wake, hamdhuru mtu, na kumhoji kama jambazi ni ukosefu wa adabu. Waliofunga siku moja kabla ya wenzao wana Mola wao wa kuwahesabia. Mambo hubadilika pale ushuhuda unapomtaka mwingine alipe: mgonjwa aache dawa, familia iuze shamba kwa ajili ya muujiza, au bibi kizee wa Usukumani au mzee wa Kilifi aitwe mchawi kwa sababu jirani anaapa alimwona usiku nje ya mlango. Jirani huyo huenda haongopi hata kidogo. Ndiyo maana aulizwe alikuwa umbali gani, kwa mwanga upi, kwa muda gani, na alikuwa ameshasikia nini kuhusu mzee huyo kabla ya usiku ule. Kadiri kosa linavyoweza kumuumiza mtu asiyehusika, ndivyo ushuhuda unavyostahili kupimwa kwa ukali zaidi, na shahidi mkweli hana sababu ya kuyaona maswali hayo kuwa matusi.